Chai ya Mama Venansia

Mama Venansia tumemzika Jumamosi kule Nyakiriba, kwenye shamba la kaka yake, chini ya manyunyu yale yasiyomlowesha mtu mara moja lakini hayamwachi mkavu. Venansia mwenyewe, binti yake, ndiye aliyenipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Tantine Odeta, mama ameenda," halafu akaniuliza kama nitapata gari la kunifikisha, utadhani shida yetu ilikuwa gari. Nikamwambia nitafika hata kwa miguu. Nilipokata simu nikabaki jikoni kwangu na kikombe cha chai mkononi, nikashindwa kukimaliza, nikakimwaga. Mume wangu akasema pole, ni uzee, kila mtu ataondoka. Nikamwambia anyamaze. Kuna vifo vya uzee na kuna vifo ambavyo mtu anaondoka akiwa bado anadai kitu kwa watu, na hicho alichokidai mama yule nilikuwa nakijua mimi na wachache tu tuliobaki.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Habari za ukoo wangu na tulikotoka niziweke kando, hazina maana hapa. Inatosha kwamba tulikuwa tumerudi Gisenyi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, kama wengi, kwamba masomo yangu ya chuo yalikuwa yamekwama kwa sababu barabara ya kwenda ndani ya nchi ilikuwa ya kuviziwa na watu wenye bunduki, na kwamba nilikuwa msichana mwenye domo refu na mfuko mtupu. Nikapata kazi ambayo hadi leo nikiisimulia watu wanacheka: kumsomea vitabu mzee. Mzee huyo ni Pasteri Ezra. Alitoka nchini akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akakulia Uganda kwenye shule ya wamisionari, akapelekwa Uingereza kusoma, akakaa huko miaka mingi kati ya maktaba na makanisa ya mawe, na vita vilipokwisha akarudi na makatoni ya vitabu na macho yanayozimika. Mke wake alikuwa amefariki Kampala. Alikuwa anataka kuandika kitabu kimoja kabla giza halijamfunika kabisa, na kitabu chenyewe, jamani, kilihusu kanisa na wasomi wa Uingereza wakati uliberali wa kule ulipokuwa unafifia. Nilipoambiwa hivyo nilidhani ni mtihani wa kupima akili yangu. Gisenyi ile, mwaka ule, risasi zinasikika upande wa Kanzenze, na huyu anataka habari za Waingereza waliokwisha kufa!

Lakini alijua kueleza. "Waliberali, binti yangu," aliniambia siku ya kwanza, "walikuwa watu walioamini kwamba mtu akifundishwa kusoma, akaachiwa aseme lililo moyoni, na mwenzake akamsikiliza bila kumkata, basi hakuna jambo litakalowashinda. Kila mji ulikuwa na ukumbi. Mhubiri anatoka kanisani anaingia ukumbini. Profesa anatoka chuoni anaingia ukumbini. Fundi viatu naye yupo, na anambishia profesa. Wakinywa chai pamoja." Nikamuuliza nani aliwafukuza humo. Akageuza uso wake dirishani, upande wa ziwa, ambalo nadhani aliliona kama mwanga tu. "Hakuna aliyewafukuza," akasema. "Ukumbi ulibaki wazi, taa zinawaka, watu wakaacha kuja. Ndiyo maana nataka kuandika."

Tulikuwa tunasomea sebuleni, chumba chenye viti viwili vya mbao na meza iliyojaa makatoni ya sabuni yaliyogeuzwa kabati. Vitabu vilinuka ukungu wa ziwa. Mimi nasoma Kiingereza changu cha kuparaza, yeye amefumba macho, na nikikosea jina la askofu fulani anatoa sauti ndogo puani, hm-hm, narudia. Saa ya kula tunasukuma makatoni pembeni tunawekewa ugali na sambaza wa kukaanga, na Pasteri anakula akiendelea kuzungumza, mikono yake ikimtafuta samaki sahanini. Sikuwa nampenda sana mwanzoni, niseme ukweli. Alinichosha. Alikuwa na imani na watu ambayo ilinitia hasira, mimi niliyekuwa nimepita njia na kuona watu walivyo. Kisha siku moja nikajikuta namwambia mama yangu nyumbani, kwa hamaki, kwamba wahubiri wale walibariki vita kutoka mimbarani na kesho yake wakataka kuongea uhuru, nani angewasikiliza? Mama akaniuliza wahubiri gani. Nikagundua nimeshaingia.

Aliyetupikia ndiye Mama Venansia. Zamani alikuwa akiuza chai na mandazi pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani, mahali wanawake wa kwenda Goma wanapojipanga asubuhi na mizigo yao ya vitunguu na unga. Chai yake ya maziwa na tangawizi ilikuwa na jina. Wabeba mizigo walikuwa wakiikimbilia. Halafu baada ya jenoside mume wake akakamatwa, akituhumiwa kwamba alisimama kwenye kizuizi na wale waliokuwa wanaua, akawekwa gerezani kungoja kesi. Mama Venansia akaendelea kuketi na birika lake pale pale. Hakuna aliyemtukana, na wangemtukana ingekuwa afadhali. Walikuwa wanapita wakisema, "Nimeshiba, mama." Mpaka mzima ukawa umeshiba. Na wa kwanza kushiba alikuwa Kansilda, jirani yake, aliyekuwa akinywa naye chai kila kukicha tangu wote wawili walipoolewa mtaa ule. Jenoside ilimwachia Kansilda nyumba tupu, mume hayupo, watoto hawapo. Hakuwahi kumshtaki Mama Venansia kwa neno lolote. Aliacha tu kumwona. Wakikutana njiani, macho ya Kansilda yanampita yanakwenda kutua kwenye ukuta.

Jikoni kwa Pasteri ndiko nilikokuwa nakimbilia nikichoka na maaskofu. Mama Venansia alikuwa na utani wake mkavu, wa kukuchekesha huku yeye uso umekaza. "Odeta, bazungu ya hivi vitabu, bon, walifanya kazi gani?" aliniuliza mara moja akichochea makaa. Nikamwambia walikuwa wanazungumza. "Tu?" Tu, na chai. "Ah bon. Na hiyo chai nani alipika?" Nikampelekea Pasteri swali hilo, akacheka hadi akajifuta macho, akasema liingie kwenye kitabu. Lakini siku nyingine hakukuwa na utani. Siku hiyo alikuwa anamenya tangawizi, akaniambia bila mimi kumuuliza, "Mi sitaki kitu mingi, mwanangu. Sitaki banipende. Kansilda akikunywa chai yangu mara moja tu, mbele ya batu, wote batakunywa. Nitarudi na birika yangu kwa Barrière. Venansia atasoma." Halafu akanipa kikombe nionje kama sukari inatosha, na yeye mwenyewe akiwa ameshapiga funda kwanza, mbele yangu, kama inavyotakiwa.

Hilo funda la kwanza lazima nilieleze, maana ndilo lililotuvunja. Kwetu mgeni hapewi kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja mgeni akiona. Desturi hiyo tunaiita gusogongera. Iwe pombe ya ndizi, iwe maziwa, mwenye nyumba anakunywa kidogo, ndipo anakukabidhi, na maana yake ni kwamba kitakachoingia tumboni mwako kimeshaingia mwangu. Miaka ya amani watu wanaonja kwa mazoea, wakipiga soga. Mwaka ule watu waliogopa sumu, hakuna aliyefanya kwa mazoea. Kila tumbo lililouma, watu waliuliza jana ulikunywa kwa nani. Hata sisi tuliokulia Goma, ambako mtu anakula barabarani kwenye macho ya dunia nzima, tuliporudi tulijifunza upya haraka.

Pasteri alikuwa ameanzisha mazungumzo ya Alhamisi mchana kwenye ukumbi wa kanisa letu, akiwasimulia watu yale tuliyosoma, kwa Kiswahili chake cha Uganda kilichojaa vipande vya Kinyarwanda. Walianza kuja wachache, wakaongezeka. Mji ulikuwa na hofu na hauna pa kwenda. Wazee wa kanisa walivumilia. Niliwasikia siku moja kupitia dirisha la jikoni, Mzee Kalisti, mkubwa wao, akimbembeleza sebuleni: "Pasteri, mambo ya Waingereza tutayasikiliza hata mwaka muzima. Ni mazuri. Lakini ya hapa kwetu, donc, tuyaachie serikali." Pasteri akamjibu kwa upole ule ule kwamba ya Waingereza anayasema kwa sababu ya hapa. Kwamba kanisa lililonyamaza siku watu wanauawa haliwezi kuendelea kuimba tu, lazima likae ukumbini liseme, nilinyamaza. Mzee Kalisti akakohoa. Mama Venansia, kando yangu, alikuwa ameshika kijiko hewani. Mzee alipoondoka, Pasteri akaja hadi mlango wa jikoni akipapasa ukuta, akasema, "Mama Venansia, Alhamisi ijayo utatupikia chai ya ukumbi mzima. Kansilda atakuwepo, nimemwomba mwenyewe. Tutanywa wote." Mama yule akaketi chini.

Siku yenyewe alikuja alfajiri na kitenge kipya, cha kuazima. Tukapika kwenye jiko la nyuma ya ukumbi, kwenye sufuria kubwa la harusi. Maziwa, majani, tangawizi aliyoitwanga hadi ukumbi wote ukanukia. Tulikunywa jikoni, mimi na yeye, kikombe kizima kila mmoja, tukacheka kwa woga. Watu walipoanza kuketi kwenye mabenchi akamwendea Pasteri. "Pasteri, mi nionje kwanza mbele yao? Ao we uonje?" Na Pasteri, uso wake umejaa furaha, akamshika mkono. "Hapana, mama. Leo wageni kwanza. Bwana wetu aliwaosha miguu wanafunzi wake. Mimi na wewe tutakunywa wa mwisho kabisa, baada ya wote." Nilimwona Mama Venansia akifungua kinywa. Kisha akakifunga, kwa sababu huyu ni Pasteri, amesoma, na yeye ndiye mtu pekee mjini aliyemshika mkono.

Alizungumza vizuri kuliko siku zote. Alisimama mikono juu ya meza, bila karatasi, mimi nimekaa pembeni yake nimkumbushe majina. Akasimulia jinsi kanisa na wasomi wa kule walivyokuwa na sauti, jinsi vita vikubwa vilivyokuja na wengi wao wakaifanya sauti ile tarumbeta ya vita, jinsi walivyorudi ukumbini baadaye wakakuta viti vitupu. "Walikuwa na maneno mazuri," akasema. "Lakini walikuwa wamesahau kumuuliza yule aliyekaa mbele yao, wewe umepoteza nani?" Kansilda alikuwa benchi la pili, karibu na dirisha, mikono mapajani, machozi yanashuka na hayafuti. Pasteri akasema, "Na sisi je? Leo tutaulizana. Lakini kwanza tunywe chai."

Mama Venansia akaingia na sinia. Alianza na Kansilda. Wakatazamana, nadhani kwa mara ya kwanza tangu yale yote, na Kansilda akanyoosha mikono miwili akakipokea kikombe. Naapa alikipokea. Vikombe vikaendelea kugawiwa, kila mmoja ameshika chake, na hakuna anayekunywa. Wote wanamtazama Kansilda, na Kansilda anatazama kikombe. Ndipo Mzee Kalisti akauliza, wala si kwa ubaya, aliuliza kama mtu yeyote angeuliza: "Na we Pasteri, kikombe chako iko wapi?" Pasteri akacheka, mikono imefunguka. "Mimi wa mwisho, Mzee! Leo mimi na mama hatunywi hadi nyinyi mmalize."

Ee Mungu wangu. Kama angeziona zile nyuso! Lakini macho yake hayakuwa na nyuso tena. Kansilda akakiweka kikombe chini, taratibu, kwenye benchi. Kisha kikombe kingine kikawekwa nyuma yake, na kingine, ukumbi mzima ukawa mlio wa vikombe vinavyowekwa juu ya mbao. Pasteri akageuza kichwa akisikiliza. "Chai ni ya moto sana?" akauliza. Nikasimama nikapiga kelele, "Mi nimekunywa! Tumekunywa jikoni wote wawili!" Mtu wa nyuma akanijibu, "Ya jikoni ni ya jikoni." Mama Venansia akatua sinia. Akaenda kwa Kansilda, akakichukua kile kikombe, akanywa funda kubwa, akamnyooshea. Chai ikamwagikia kitenge cha watu. Lakini mtu akianza kuonja baada ya kushukiwa, hajaonja tena, amejitetea. Kansilda akasimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akapita. Wengine wakamfuata. Hawakukimbia, walitoka kama watu wanaotoka ibadani. Mama Venansia akabaki katikati ya mabenchi, akachukua kikombe kingine akaonja, akakiweka, akachukua kingine akaonja, peke yake, na Pasteri anauliza, "Odeta? Odeta, wako wapi watu?"

Chai ile tuliimwaga kwenye migomba nyuma ya ukumbi. Mama Venansia hakulia mbele yetu. Aliosha vikombe vyote, akavipanga, akamwambia Pasteri kwamba anamshukuru kwa yote na kwamba atarudi kwao Nyakiriba kulima. Birika lake alimwachia. Venansia, mtoto mdogo wakati ule, alikuwa amekaa juu ya jiwe nje ya mlango, ameelewa kila kitu.

Mimi ndiye niliyemweleza Pasteri. Tulikuwa sebuleni, kati ya makatoni. Nilimweleza habari ya kuonja, polepole, na nilimwona akiikumbuka, maana aliijua. Bibi yake alikuwa akifanya hivyo kambini Uganda na kibuyu cha maziwa. Aliijua akaipoteza huko katikati ya vitabu. Kisha akasema, "Nimesoma maisha yangu yote kwa nini watu waliacha kuja ukumbini," na hakumaliza. Akaniomba nimsomee tena ile sura ya kumbi zilizobaki tupu. Nikasoma. Nikikosea majina hakunirekebisha.

Mazungumzo ya Alhamisi wazee waliyafunga, kwa maneno mazuri sana. Macho ya Pasteri yakazima kabisa, ndugu zake wakaja kumchukua, akafia Kampala bila kitabu. Nimemkasirikia miaka mingi, nimemlilia miaka hiyo hiyo, na sasa nimechoka kuchagua. Aliamini kwamba watu wakikaa pamoja na kunywa chai, watasema. Nilimcheka nikiwa na miaka ishirini na kitu. Leo nina mvi na sijapata imani nyingine iliyo bora kuliko ile, ila najua kwamba lazima mtu apige funda la kwanza, na wote wakiona. Nilimtembelea Mama Venansia Nyakiriba mara nyingi. Mume wake alifia gerezani kabla ya hukumu, kwa hiyo hata jibu hakupata. Kila nilipokwenda alinipikia chai, na kila nikiaga aliniuliza habari moja tu, akijifanya anatafuta kiatu au kuku: "Na Kansilda, yuko?" Nikijibu yuko, anasema, "Bon." Hivyo tu, hadi mwaka huu.

Jumamosi, tuliporudi kutoka kaburini na kunawa mikono, tukaketi kwenye mabenchi uani chini ya turubai. Pikipiki ikasimama barabarani. Akashuka bibi kizee mwenye fimbo, amejitanda kitenge hadi kichwani, akatembea peke yake kwenye matope. Nilimjua kwa jinsi alivyojifunga kitenge. Watu wengi pale walikuwa vijana, hawakuelewa kwa nini sisi wazee tuligeuka wote kumtazama. Kansilda akaketi kando yangu. Venansia alikuwa anagawa chai, ile ya mama yake, hajui kupika nyingine. Alipofika kwetu aliona ni nani. Akajikaza. Akainua kikombe kwenye midomo yake ili aonje kwanza, kama inavyotakiwa.

Kansilda akamshika mkono. "Hapana, mwanangu. Usionje," akasema. "Nipe tu."

Akakichukua kwa mikono miwili, akanywa. Hakupumzika. Alikunywa yote, chai ya moto ile, hadi tone la mwisho, na machozi yanaingia humo humo kikombeni. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kitenge changu, kwa sababu kaburi lilikuwa pale pale, nyuma ya migomba, udongo bado mbichi, na mwenye chai alikuwa ndani yake.

"Ile ya siku ile iliwekwa tangawizi mingi," Kansilda akaniambia bila kunitazama. "Mi niliisikia harufu tangu mulangoni. Odeta, nilikuwa na kiu."

Akamrudishia Venansia kikombe kitupu, akaomba kingine.